Mashine Ilipotusalimia

Khotso, amani kwenu nyote.

Mheshimiwa Morena, chifu wetu wa Ha Makhabane, uliyetupa uwanja wako leo na ukaamuru kondoo wahamishwe, Ndugu Mkurugenzi wa Mpango wa Sukari Milimani, Ntate Phakisi, uliyepanda tangu jana kutoka tambarare kwa ile barabara yetu, Nesi Puseletso na wenzako wa kituo, Mchungaji, Ndugu wageni waalikwa mlioketi kwenye viti, ndugu zangu mlioketi kwenye nyasi kwa sababu viti vimekwisha, na ninyi akina mama wa kundi la namba, ambao wengi wenu nimeziona sura zenu leo kwa mara ya kwanza, maana miaka sita nimewajua kwa sauti tu: nawasalimu kwa heshima zote.

Kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe. Mimi si mtu wa vipaza sauti. Nilisoma nikaishia darasa la tatu, na karatasi hii nimeiandika kwa siku tisa, kidogo asubuhi, kidogo jioni baada ya kukamua. Nesi Puseletso amenirekebishia nukta na mikato, maneno mengine yote ni yangu. Mkiniona natetemeka, semeni ni baridi.

Naitwa 'Malipuo. Binti yangu anaitwa Lipuo, yaani maneno, kwa hiyo mimi ni mama wa maneno. Mume wangu hunitania kwamba nilijizalia jina linalonifaa. Lakini wanaonijua wanajua kwamba nikiwa na hofu nasema sana, na mimi nimekuwa na hofu kwa miaka sita.

Nimeombwa leo nifanye mambo mawili. La kwanza, nishukuru kwa niaba ya wagonjwa kwa kufunguliwa chumba hiki cha sukari, chenye friji, chenye mizani, chenye kitanda na hita. La pili, nipokee beji hii ya Mwakilishi wa Wagonjwa na kuketi kwenye kamati ya Mpango. Chumba nakishukuru kwa moyo wangu wote, na waliokijenga Mungu awape nguvu mikononi. Beji ni hii hapa. Ina kamba ya bluu, na jina langu limeandikwa bila kosa hata moja. Sijaivaa. Ntate Phakisi ameniangalia shingoni mara mbili sasa, na kwa kuwa ni mtu wa adabu hajauliza. Ntate, nitakujibu kabla sijaketi.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo.

Lipuo aliugua akiwa na miaka minane. Alikuwa anakunywa maji kama shamba, na bado midomo imekauka. Alikonda mpaka sare ya shule ikamzunguka. Nesi alipompima akaniambia ni sukari, nilicheka, maana nilidhani anatania. Sukari nilijua ni ya watu wa mjini, wenye magari na matumbo. Mtoto wa kwangu, anayekula papa, ule ugali wetu, na mboga za moroho, na kukimbia na mbwa siku nzima, ataipatia wapi?

Majirani nao waliuliza hivyo hivyo, ila wao hawakumuuliza nesi, waliulizana wenyewe kwa wenyewe. Sisemi kwa ubaya. Baadhi yao wako hapa na leo wamenipikia. Lakini wakati ule watoto waliacha kuja kucheza kwangu. Kwenye sherehe, kikombe cha uji wa motoho kilichoguswa na Lipuo kiliwekwa pembeni peke yake. Nikienda chemchemi, wenzangu walikuwa wanamaliza kuchota haraka. Mume wangu yuko mgodini, anakuja Pasaka na Krismasi. Basi ndani ya nyumba tulikuwa mimi, mtoto, sindano, na hofu yangu. Ninyi mnaojua kuishi na hofu ndani ya nyumba, mnajua inavyochukua nafasi. Unaketi nayo mezani, na haili kitu.

Ndipo Nesi Puseletso akaniuliza, "Mama, una simu?"

"Ninayo ya kubonyeza."

"Tafuta ya kugusa. Kuna mahali nataka kukuingiza."

Mahali penyewe palikuwa kundi la WhatsApp. Wakati ule tulikuwa watu arobaini na kidogo, wengi akina mama, wengine wagonjwa wenyewe, kutoka vijiji ambavyo hata kwa farasi nisingevifika. Na kundi lile lilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyesema habari za asubuhi. Alfajiri unampima mtoto, unapiga picha mashine ya kupimia sukari, unatuma namba. Hiyo ndiyo salamu. Asiyetuma anaulizwa, "Mmeamka ngapi?"

"Sita nukta nane."

"Aa, leo mmeamka kama bibi harusi!"

"Sisi kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Jana mlikula nini? Sema kweli, mama, Mungu anakuona na mashine inakuona."

"Kulikuwa na harusi."

"Na keki iliingia mdomoni yenyewe?"

Ndugu wageni waalikwa, mimi niliyekuwa nachota maji peke yangu, kila alfajiri nilikuwa nasalimiwa na watu arobaini. Nani kati yenu amewahi kusalimiwa na watu arobaini kabla hajawasha jiko?

Sasa niwaambieni kuhusu baridi, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Karatasi ya maelezo tuliyokuwa tunapewa zamani pamoja na insulini ilisema hivi: hifadhi dawa mahali pa baridi. Mimi nikiambiwa jambo na karatasi, natii. Sina friji. Nikauliza moyoni, mahali pa baridi ni wapi? Nikaiweka chupa dirishani, kwa nje, mwezi wa sita. Asubuhi ilikuwa imeganda kama kokoto. Nikaisogeza jikoni ikayeyuka, nikamchoma mtoto kama kawaida, nikajisifu kwamba nimehifadhi. Namba ikawa kumi na nne. Kesho yake kumi na tisa. Kesho yake ishirini na nne. Nikaituma ile ishirini na nne, na hapo hapo ikaingia sauti ya mama mmoja, 'Mathakane, mke wa mchungaji wa kondoo wa kule juu kabisa. Huyo hapo, mwenye blanketi jekundu, anajificha.

"'Malipuo, hiyo dawa unaiweka wapi?"

"Dirishani, nje. Karatasi imesema mahali pa baridi."

"Jamani! Aliyeandika hiyo karatasi ameshawahi kulala huku mwezi wa sita? Baridi anayoijua yeye ni ya kivuli! Mama, dawa ikishaganda imekufa. Hata ikiyeyuka ni maji tu unamchoma mtoto. Teremka kwa Nesi leo hii upewe nyingine. Na hiyo mpya usiiache nje. Lala nayo."

"Nilale nayo?"

"Iviringe kwenye soksi ya sufu, uilaze ndani ya blanketi, upande wa mume. Si yuko mgodini? Nafasi ipo!"

Watu arobaini wakacheka. Nami nikacheka, na nikasikia jinsi kicheko changu kilivyokuwa kimechakaa kwa kukaa bila kutumika. Siku ile ile nikateremka kwa Nesi. Siku ya tatu Lipuo aliamka saba nukta moja.

Tangu hapo "lala nayo" likawa neno letu. Mgeni akiingia kundini wakati wa baridi, kabla ya kumuuliza jina anaambiwa, lala nayo. Na tulipoanza kuulizana, tukakuta vijiji kumi na kimoja vilivyogandisha dawa kwa kuitii karatasi ile ile. Tukasema, basi karatasi ibadilike. Mimi na 'Mathakane tukateremka tambarare mpaka ofisi ya Mpango. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza bwana mmoja alituuliza kwa upole, "Mna utafiti?" 'Mathakane akamjibu, "Hatuna utafiti, ntate, tuna barafu," akamwonyesha kwenye simu picha za chupa zilizoganda, moja baada ya nyingine, kila moja na jina la kijiji chake.

Ilichukua miaka miwili. Na hapa lazima nimsifu mtu akiwa anasikia. Ntate Phakisi alipopewa ukurugenzi hakutuita ofisini. Alipanda yeye, mwezi wa saba, akalala kwenye kituo hiki hiki kabla hakijawa na hita. Asubuhi alitoka amejifunga mablanketi mawili, ameshika chupa yake ya maji ya kunywa, imeganda imekuwa fimbo. Akaigonga ukutani, ko ko ko, akasema, "Akina mama, nimeelewa." Karatasi mpya ilitoka kabla ya baridi iliyofuata. Imeandikwa: isigande, ilale ndani ya blanketi. Ntate, wapo wakurugenzi wengi wanaoelewa kwa kusoma. Wewe ulielewa kwa kulala. Hilo sitalisahau.

Ni wewe pia uliyesema kundi letu lisibaki kichochoroni. Ukasema Mpango ulitambue, liwe sauti ya wagonjwa, namba zetu na maneno yetu yafike mezani dawa inapoagizwa na karatasi inapoandikwa. Tulipiga vigelegele mpaka simu zikapasuka sauti. Nesi akakuachia uongozi wa kundi. Watu wakaongezeka, tukafika mia mbili.

Na walipoongezeka akaingia muuza magome. Wa kundini wanamkumbuka. Alituma picha za magome yake kila siku, akidai yanaondoa sukari kwa siku saba, na mzee mmoja wa watu akaacha sindano wiki nzima, tukamrudisha kwa taabu. Ulipolisikia hilo, Ntate, ulikasirika kwa niaba yetu, na ulikuwa na haki. Mwezi wa tano ukalifunga kundi. Yaani viongozi tu ndio waandike, sisi wengine tusome. Kwenye simu mstari mdogo ukatokea chini, na pale tulipokuwa tunaandikia pakatoweka.

Sikulaumu. Nasema mbele ya Morena, sikulaumu. Ningekuwa mimi nina watu mia mbili wa kuwalinda na magome, huenda ningefanya vile vile. Lakini wewe ulipofunga ulikuwa tambarare, na mimi nilikuwa hapa. Acha nikuambie kufungwa kulikuwaje kwa upande wa huku.

Januari Lipuo alikwenda shule ya bweni. Ana miaka kumi na minne sasa, anajichoma mwenyewe, anajipima mwenyewe, na mashine amekwenda nayo. Nilijivunia, nikalia, nikajivunia tena. Sikuwa tena na namba ya kutuma, lakini nilikuwa na za wenzangu za kujibu, na hilo lilinitosha. Halafu ukaja mwezi wa tano. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri, mwili umezoea. Naketi kitandani, napapasa kimezani mahali mashine ilipokuwa, sipati kitu. Nachukua simu, naiangalia. Haisemi. Naiweka. Nawasha jiko. Nachemsha maji ya mtu mmoja. Mnajua maji ya mtu mmoja yanavyochemka upesi?

Lipuo hunipigia Jumapili kwa simu ya matroni. Kabla hajasema ana shida gani, huniuliza, "Mama, wamama wameamka ngapi?" Nami humwambia, vizuri tu mwanangu, wote wazima. Sijui. Tangu mwezi wa tano nimekuwa namdanganya mtoto kila Jumapili.

Hilo la kwangu ni dogo. Upweke wa mtu mzima hauandikiwi barua kwa Mpango. Ningelimeza nikavaa beji. Lakini kuna la mwezi wa sita.

Mwezi wa sita, siku theluji ilipoanza, uliingia ujumbe kutoka ofisini kwako. Hukuuandika wewe, najua, ulikuwa safarini, na aliyeutuma alichukua maneno ya zamani bila kujua. Ulisema: ndugu wagonjwa, mnakumbushwa kuhifadhi insulini mahali pa baridi.

Nikausoma mara tatu. Mimi nasoma polepole, nikadhani macho yananichezea. Simu ikalia, 'Mathakane.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Si umjibu!"

"Nimjibie wapi? Hakuna pa kuandikia."

"Na mimi nabonyeza nabonyeza hapa kama kuku anadonoa sahani ya bati."

Tukagawana kupiga simu. Huyu mpigie wewe, yule nitampigia mimi. Tukampigia Nesi, naye akapiga. Ofisini kwako simu iliita bila kupokelewa. Jioni tulikuwa tumewafikia wote tunaowajua, mmoja mmoja: usisikilize huo ujumbe, lala nayo, lala nayo. Zikabaki namba za simu ishirini na moja zisizo na majina, za watu walioingia mwisho mwisho. Na hapa nitasema jambo ambalo sijalisema hata kwa Nesi. Zile namba zilikuwa upande wangu. Niliziona. Niliona haya kumpigia mtu nisiyemjua, ataniuliza wewe nani, nitamjibu nini? Nikajiambia, hawa wapya ni wa Nesi, Nesi atawapigia. Naye Nesi alidhani nimewapigia mimi. Nikaweka simu, nikalala na amani.

Kati ya zile ishirini na moja mmoja alikuwa 'Makhauhelo.

Amenipa ruhusa kulitaja jina lake, ila kuja hapa amekataa. Anakaa saa nne kwa farasi kutoka hapa. Binti yake Khauhelo ana miaka saba. Waligundua sukari mwezi wa nne, na Nesi akamwingiza kundini siku sita kabla halijafungwa. Katika siku zile sita alituma namba mara moja tu, kumi na moja nukta mbili, na aliyemjibu ni mimi. Nilimwandikia, "Karibu, mama mpya. Hapa huwezi kupotea." Maneno hayo yapo mpaka leo kwenye simu yangu. Jana nimeyaangalia tena.

Aliposoma ule ujumbe wa mahali pa baridi, akadhani karatasi imebadilika tena, alifanya nilichofanya mimi miaka sita iliyopita. Aliiweka dirishani, kwa nje. Akaiyeyusha, akamchoma mtoto maji.

Sasa, hizi mashine zetu, ndugu wageni, zina mwisho wa kuhesabu. Sukari ikipita thelathini na tatu haziandiki namba tena. Zinaandika herufi mbili za Kiingereza, H na I, kumaanisha imepanda mno, mkimbize mtu hospitali. Sisi wa zamani tunajua. Lakini 'Makhauhelo ni mgeni, na kusoma kwake ni kama kusoma kwangu. Aliyesoma ni Khauhelo, yuko darasa la pili.

"Mama, mashine inasema hai."

"Inasema nini?"

"Hai. Kama kwenye kitabu chetu cha Kiingereza. Inatusalimia!"

Wakacheka, mama na mtoto. Mama akaijibu mashine, "Hai na wewe." Ndivyo alivyonisimulia. Akaona ni jambo zuri la kuwaonyesha wenzake, maana aliona siku zile sita kwamba tunapenda mzaha. Akapiga picha. Akatafuta pa kuitumia.

Fikirini pamoja nami. Picha ile ingeingia kundini siku zile za zamani, ingekuwaje? 'Mathakane angepiga kelele kabla haijamaliza kufunguka. Nesi angepiga simu. Mume wa mtu angetandika farasi. Ingechukua dakika ngapi? Nami nawajua akina mama hawa: mbili.

Picha haikuingia popote. Kesho yake mashine ikasalimia tena, lakini Khauhelo hakucheka, alikuwa anatapika. Siku ya tatu mama yake alimfunga mgongoni kwa blanketi, akapanda farasi, akateremka mpaka hapa. Nesi Puseletso alimpokea mlangoni, akamtundikia maji, gari likamteremsha hospitali. Alilala siku kumi na moja. Amepona. Amerudi darasa la pili. Tumshukuru Mungu, na tumshukuru Nesi, na farasi yule.

Mwezi wa nane nilikwenda kumwona. Nilibisha.

"Nani?"

"Mimi 'Malipuo. Wa kundi."

Akauliza akiwa bado ndani, "Kundi lipi?"

"La namba, mama. Tulikukaribisha."

Akafungua. Ni mwanamke mdogo tu, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinipa kiti, akanipa chai, mwenyewe akaketi mbali, karibu na mlango, kama vile nyumba ni yangu na mgeni ni yeye. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilitaka anigombeze. Badala yake akaniuliza:

"Mama, niliwakosea nini?"

"Utukosee nini wewe?"

"Sijui. Ndiyo nimekuwa najiuliza. Mlinikaribisha, baada ya siku chache nikakuta mlango umefungwa. Nikasema labda mtu haingii hivi hivi, labda kuna adabu yenu sikuifuata. Nilituma namba bila kuwaamkia wakubwa kwanza. Nikasema wamenichoka."

"Hatukukufungia wewe, mwanangu. Tulifungiwa wote."

"Wote?" Akanitazama. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Mimi nilijua ni mimi peke yangu. Nikajitoa, ili msipate taabu ya kunitoa."

Ndugu Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa: watu mia mbili walifungwa siku moja, na kila mmoja nyumbani kwake alidhani amefungiwa yeye. Mimi nilidhani wenzangu wamenisahau kwa kuwa sina tena mtoto nyumbani. Yule alidhani amekosa adabu. Yule mzee aliyeacha sindano alidhani tunamwadhibu. Jana nimewauliza akina mama waliofika mapema, kila mmoja ana lake. Muuza magome ndiye aliyekuwa adui yetu, na ndiye pekee ambaye hakupungukiwa kitu. Ana makundi mengine saba.

Basi, Ntate, sasa naijibu shingo yangu.

Mwakilishi ni nani? Nimeliuliza neno hili kwa Mchungaji, kwa Nesi na kwa binti yangu, na wote wamenijibu kwamba ni mtu anayebeba maneno ya wengine. Nitayabeba kutoka wapi? Nikija kwenye kamati yako mkaniuliza wagonjwa wanasemaje kuhusu dawa, kuhusu vijiti vya kupimia, kuhusu karatasi, nitasema nini? Nitasema ya kwangu, na kuyaita ya watu mia mbili. Nitakuwa kama ile mashine: imeandika herufi mbili nzuri, kila anayeziona anatabasamu, na mtoto anakufa.

Kilichobadilisha karatasi yako si mimi, si 'Mathakane. Ni mtu mmoja kuuliza "unaiweka wapi?" na mwingine kuweza kumjibu. Ukiondoa kujibu, tunabaki na tangazo. Matangazo tunayo, Ntate, redio inayo mengi.

Ninachoomba ni hiki. Lifungue kundi. Akirudi muuza magome, tuachie sisi. Mpe 'Mathakane uongozi naye umwone mtu anavyofagiliwa. Na neno lolote la dawa linalotoka ofisini kwako kuja huku juu, kabla halijatumwa, lisikilizwe na mama mmoja anayelala huku mwezi wa sita. Mama yeyote. Hahitaji kuwa mimi, wala hahitaji beji.

Ukikubali, nitaivaa hii sasa hivi, na nitakuja kwenye kila kikao chako hata barabara ikifungwa na theluji, na utanichoka kwa maneno. Usipokubali, nitakurudishia hapo mezani kwa mikono miwili na kwa heshima, na chumba nitaendelea kukishukuru, maana hakina kosa.

'Makhauhelo alinisindikiza mpaka kwenye ukuta wa zizi. Nikamwambia nitamrudisha kundini. Akanishika mkono, akasema, "Likifunguliwa, mama, nirudishe. Likiwa bado limefungwa usinirudishe. Kimya ninacho hapa hapa nyumbani."

Nakushukuru Morena kwa uwanja. Nawashukuru waliojenga, waliopika, waliotembea. Nakushukuru Nesi Puseletso, uliyeniuliza kama nina simu. Nakushukuru Ntate Phakisi, uliyeigonga ile chupa ukutani, na ndiyo maana nimethubutu kukusemesha mbele za watu: mtu aliyeelewa mara moja anaweza kuelewa tena.

Nimeshaandika salamu yangu ya kesho alfajiri, nimeihifadhi kwenye simu. Inasema, "Mama Khauhelo, mmeamka ngapi?" Inakosa tu pa kupitia.

Kwenye karatasi hii sikuandika mwisho. Nesi aliniambia hotuba lazima iwe na mwisho, nikamwambia huu si wangu kuuandika, uko mfukoni mwa Ntate Phakisi, kwenye simu yake, na ni wa kugusa mara moja tu. Simu yangu naiacha hapa mezani, uso juu, karibu na beji. Mimi naketi.

Asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa. Sasa tusikilize wote.